Sukari ya damu na walinzi wa kibofu



Mama mkubwa wangu ana ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Mara kwa mara mkojo unamuchoma, usiku anaamuka mara nne ao tano. Anakunywa dawa, anapona, kisha wiki chache maneno ni yale yale. Nyumbani wengine walisema dawa ni mbovu, wengine wakaanza kutafuta mchawi. Sisi wa biolojia na kemia tunapashwa kueleza.

Mikrobi yenyewe, mara nyingi, ni Escherichia coli. Inakaa kimya katika matumbo ya kila mtu, yangu na yako. Ikifika ku njia ya mkojo, inapanda mpaka kibofu. Kwa wanawake njia hiyo ni fupi, karibu sentimetre 4 tu, ndiyo maana wanateswa kuliko wanaume.

Kibofu cha mtu mzima kina walinzi. Mkojo wenyewe unafagia. Ngozi yake ya ndani inatengeneza protini ndogo-ndogo zenye kuua mikrobi. Na mikrobi ikipita pale, globuli nyeupe zinazoitwa netrofili zinatoka katika damu, zinakuja mbio kuimeza.

Basi sukari inaharibu wapi? Tulijifunza kwamba ikipita karibu miligramu 180 katika desilita moja ya damu, mafigo yanashindwa kuirudisha yote, inamwangika katika mkojo na kulisha mikrobi. Ni kweli, lakini si yote. Sukari nyingi inachokesha netrofili: zinachelewa kufika, na zikifika zinameza kidogo. Tena, kwa mgonjwa wa miaka mingi, mishipa ya fahamu ya kibofu inaweza kufa ganzi. Mkojo unabakia ndani, ule ufagio haufagie tena.

Na ile ngozi ya ndani? Watafiti wa Karolinska Institutet, ku Stockholm katika inchi ya Uswedi, walitoa jibu mwaka wa 2022. Walilinganisha watu wenye sukari ya kawaida na wagonjwa wa sukari, wakaona kwamba protini moja ya ulinzi, jina lake soriasini, imepunguka kwa wagonjwa. Ukuta wa kibofu unalegea, mikrobi inapata nafasi. Walipotia homoni ya estrojeni ku chembe za kibofu zilizolelewa katika laboratware, soriasini ilipanda na mikrobi ikapunguka. (Hiyo isikuwe sababu ya mtu kwenda kujinunulia homoni ku soko!)

Turudi sasa kwa mama mkubwa. Antibiotike inaua mikrobi ya leo, lakini kama sukari inabaki juu, walinzi wanabaki zaifu, na mikrobi ya kesho itakuta mlango wazi. Tena maambukizo yenyewe yanapandisha sukari, juu ya homoni ambazo mwili unatoa wakati wa kupigana. Ni kama kuzunguka kinu. Kwa hiyo munganga sharti atunze vyote viwili pamoja.

Na kama mgonjwa anapata homa, baridi, kutapika, ao maumivu ya mgongo ku upande wa mafigo, hapo hakuna kungoja kesho: mikrobi imekwisha kupanda.

Mama mkubwa aliposikia haya yote alicheka, akaniuliza kama ni mimi munganga sasa. Lakini siku hizi, akienda kupimisha mkojo, anawaomba wapime na damu.