Hesabu za Kihindi katika Unguja: Njia Mbili za Maneno

Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha Bara Hindi kilifungua tawi lake Bweleo, Unguja. Hiyo si mara ya kwanza kwa hesabu za Kihindi kufika kisiwani. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake tarehe ya hesabu hizo hana haja ya kuvuka bahari. Safari ya siku moja yatosha, iwapo watachunguza maneno pamoja na mawe.

Waanzie Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Msikiti wa huko una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, yatajayo mwaka 500 wa Hijiria, yaani 1107 wa Miladi. Mwaka huo umeandikwa kwa maneno, na hapo ndipo penye somo. Msemaji wa "mia tano" hahitaji sifuri. Mwandishi wa tarakimu ahitaji mbili, maana pasipo hizo tano hubaki tano. Kwa tarakimu za Kiarabu mwaka huo huwa kiduara kimoja na nukta mbili: kiduara ni tano, nukta ni sifuri.

Waarabu wenyewe huziita tarakimu hizo za Kihindi. Mwaka 628 Brahmagupta alieleza kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika juu ya hesabu ya Kihindi. Neno la Kisanskriti shunya, maana yake "tupu", lilifasiriwa kwa Kiarabu sifr, lenye maana iyo hiyo, nasi tukalipokea kuwa sifuri.

Kisha wanafunzi waende Mji Mkongwe, wasimame Forodhani. Tangu miaka ya 1830 ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa asili ya Kutch. Hapa yaonekana njia ya pili, isiyopitia kwa wanavyuoni bali madukani. Laki, yaani 100,000, ni laksha ya Kisanskriti. Korija ni hesabu ya ishirini, hasa ya nguo. Laki lingali hai kwa sababu ya fedha. Korija ni nadra kusikika, kwani nguo haziuzwi tena kwa hesabu hiyo.

Basi asili ya neno na asili ya fikira si lazima ziwe moja. Mtunga kamusi aandikapo "Kiarabu" kando ya sifuri asema kweli, lakini ametaja kituo cha mwisho tu cha safari.