Jangwani Palikuwa Wazi kwa Sababu

Karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi. Huduma ilianza Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni. Mwaka 2018 maji yaliingia karakanani yakaharibu mabasi, na masika yakikolea abiria wa Barabara ya Morogoro huulizana kwanza kama Jangwani panapitika.

Mto haukumvizia mtu. Desemba 2011 jiji lilishafurika, makumi ya watu wakafa, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lakini kiwanja kikubwa kilicho wazi, jirani kabisa na Kariakoo, humvutia mpangaji yeyote: nyumba za kubomoa ni chache, fidia ni ndogo, kazi inaanza upesi. Kwa maoni yangu hesabu ya vihatarishi ilipaswa kuanzia hapo. Ardhi ya katikati ya mji ikikaa tupu miaka nenda miaka rudi, waulize wenyeji maji hufika wapi. Mradi wa bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, sasa unabeba kazi ya kuihamisha karakana hiyo na kujenga daraja jipya.

Sisi wahandisi nasi tuna lawama, hasa ya lugha. Tukisema "mafuriko ya miaka 50", diwani huelewa kwamba yakishapita hayarudi mpaka nusu karne iishe. Maana yake hasa ni kwamba kila mwaka, hata mwaka unaofuata mafuriko, kuna nafasi 2 katika 100 ya kuyapata. Jengo litakalotumika miaka 30 lina nafasi kama 45 katika 100 ya kukutana nayo walau mara moja. Inakaribia kurusha shilingi juu. Nimeona kikao kizima kikinyamaza hesabu hii ilipoandikwa ubaoni, na michoro ikarudishwa mezani kabla haijapigwa muhuri.

Taasisi za umma zina daftari la vihatarishi, na safu yake moja hunikosesha usingizi. Katika mradi mmoja wa mifereji nilikuta: "Mafuriko. Uwezekano: wastani. Athari: kubwa. Mhusika: wadau wote." Mtu wa kupigiwa simu hayumo. Mkandarasi hukabidhi kazi, kipindi cha uangalizi huisha, mhandisi mshauri hufunga mafaili yake. Maji yakija humkuta mwendeshaji ambaye hakuwepo eneo lilipochaguliwa.

Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu. Katika safu ile ya mhusika nataka nione cheo cha mtu mmoja, kina cha maji kinachomlazimu kuyaondoa mabasi, mahali yatakapolazwa, na idhini ya kutoa amri hiyo saa tisa usiku mvua ikinyesha Pugu, bila kungoja kikao cha asubuhi.