UCHAGUZI WA VISHIKIO VYA KAMERA NA FLASHI ZINAZOENDESHWA KWA MBALI

Ni jambo la kawaida katika hafla zetu, iwe Baraza la Idd au maadhimisho ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, kuwaona wapiga picha wamejipanga mbele ya jukwaa hata wageni waliokaa nyuma wasione ila migongo. Njia mojawapo ya kuondoa adha hiyo ni kuifunga kamera pahala pa juu au pembeni, pamoja na flashi zake, na kuiendesha kwa mbali kwa kifaa cha redio. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina sharti moja lisilo na mjadala: kilichowekwa juu ya vichwa vya watu kisianguke. Maelezo haya yanawahusu maafisa wa habari, maafisa ugavi wanaoidhinisha manunuzi, na wananchi wenye kumbi za kukodisha.

Jambo la kwanza ni uzito. Kamera ya kazi za habari pamoja na lenzi yake ndefu hufikia kiasi cha kilo 3, na flashi ndogo hukaribia nusu kilo. Uzito huo si mkubwa kwa wenyewe. Linaloleta hatari ni umbali wake kutoka kwenye kishikio. Kamera ya kilo 2 iliyofungwa kwenye ncha ya mkono wa sentimita 50 huulemea ungio sawasawa na kamera ya kilo 4 kwenye mkono wa sentimita 25. Kwa hiyo mnunuzi akisoma dukani kwamba kibano hubeba kilo 15, asidhani kuwa ameshamaliza kazi. Kilo hizo ni za kibano peke yake. Mkono wenye viungo unaochomekwa humo huenda umeandikiwa kilo 3 tu, na kipimo cha kufuatwa ni hicho kilicho kidogo.

Kibano kinachotumika zaidi kwa kazi hii hushika bomba la duara lenye unene wa milimita 13 hadi 55. Bomba lipimwe kabla ya kununua, si baada. Kwa mbao bapa au ukingo wa roshani huongezwa kabari maalumu, kwani bila ya hiyo kibano hugusa nukta mbili tu na huteleza. Vile vile hesi zitazamwe: kamera nyingi zina hesi ya robo inchi, na vishikio vizito hutumia 3/8. Kipande kidogo cha kuunganisha hesi hizo mbili ndicho kinachosahauliwa kila mara, na kazi nzima husimama kwa ajili yake. Ama flashi, isiachiwe kuning'inia kwa mguu wake, ambao aghalabu ni wa plastiki.

Kila kifaa kilichoko juu kiwe na waya wa usalama wa chuma wenye kulabu inayojifunga. Waya huo ufungwe kwenye jengo lenyewe au kwenye bomba, wala si kwenye kibano, kwa sababu kibano kikiachia vyote huanguka pamoja. Uwe mfupi ili kifaa kisipate nafasi ya kuporomoka kwa kasi, na lenzi nzito iwe na wake. Kamba ya katani na utepe wa gundi si badala ya waya huo, hata mafundi wetu wakiapa vipi.

Tahadhari kubwa zaidi inahitajika katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Boliti ya kutanuka, ambayo katika zege hushika barabara, katika ukuta wa namna hiyo huyasaga mawe na kulegea, na tundu lake huingiza maji. Nayo maboriti ya mikoko yanayobeba dari huenda kwa nje yakaonekana mazima kumbe mchwa wameshayala ndani. Sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba, 2020; majengo haya si ya kujaribiwa. Katika kumbi hizo, basi, itumiwe nguzo ya kusimama sakafuni, au kibano juu ya chuma kilichothibitishwa na mhandisi, na ukuta usitobolewe.

Hewa yetu ya chumvi nayo ina hesabu yake. Skrubu ya chuma cha kawaida ndani ya kibano cha alumini huliwa upesi na hatimaye hukwama. Chuma cha pua ni ghali zaidi, lakini ndicho cha kununuliwa. Na baada ya kazi za nje vishikio vifutwe kwa maji baridi yasiyo chumvi, vikaushwe, ndipo viwekwe stoo.

Flashi hushawishi kuwekwa karibu, kwani umbali ukiongezeka mara mbili mwanga hubaki robo. Uwanjani iwekwe kwenye stendi yenye mfuko wa mchanga miguuni. Mwavuli wa kutawanya mwanga usitumiwe penye upepo: mwezi wa Januari ni wa kaskazi, na mwavuli huo ni tanga.

Kwa wenzetu wa misitu kazi ni nyengine, kwa kuwa kamera hujipiga yenyewe mnyama anapopita. Ndivyo uchui wa Unguja alivyopatikana pichani Jozani mwaka 2003. Kamera ifungwe kwa mkanda, si kwa misumari, kwenye shina lisiloyumba, kimo cha goti kwa ajili ya paa nunga, ielekee kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie katika lenzi.

Katika kumbi na viwanja, ukaguzi wa kila kibano na kila waya ufanywe na mtu asiyekuwa yule aliyefunga, kabla ya milango kufunguliwa. Wageni wakishaingia, hakuna ruhusa ya kupanda kurekebisha chochote. Kamera iliyogoma iachwe hivyo hivyo mpaka hafla imalizike.