Je, Wajua? Mchoraji wa Miezi 10

Je, wajua kwamba mmoja wa wachoraji mashuhuri kabisa wa Japani alifanya kazi kwa takriban miezi 10 tu, kisha akatoweka? Aliitwa Tōshūsai Sharaku. Picha zake za waigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, zilianza kuuzwa mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, mwaka 1794. Mapema 1795 zikakoma, na kufikia hapo alikwishatoa zipatazo 140.

Itazame ile ya Ōtani Oniji wa Tatu akiigiza mtumishi mnyang'anyi. Shingo ameichomoza, midomo kaibana, macho yamesogeleana, na vidole vya mikono yote miwili vimetanuka kifuani kama makucha. Nyuma yake hamna kitu ila kiza kinachometameta, maana wachapaji walitia unga wa ulanga. Kwangu mimi, mikono ile midogo isiyolingana na kichwa ndiyo inayotisha zaidi.

Picha hizo zilichapwa kwa vibao, na Sharaku alichora tu. Fundi mwingine alichonga vibao vya mti wa mcheri, kwa kawaida kibao kimoja kwa kila rangi. Mwingine akapaka rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua. Aliyechapisha na kuuza ni Tsutaya Jūzaburō.

Na wanawake walio katika picha hizo? Ni wanaume watupu. Serikali iliwapiga wanawake marufuku jukwaani mwaka 1629. Wachoraji wengi waliwapamba waigizaji hao wakawa warembo kwelikweli. Sharaku aliwaachia pua zao kubwa na mataya yao mapana.