Bibokoboko: kiwewe si wazimu

Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko, katika milima ya teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, vilishambuliwa na nyumba zikachomwa moto. Wengi walionusurika waliteremka hadi Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zilizoungua na ng'ombe walioporwa huhesabika. Yaliyoingia vichwani mwa watu hayamo katika orodha yoyote ya mgao wa unga.

Yaliingilia milango ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hupiga mbiu ya hatari kabla akili haijauliza kuna nini. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, miguu hutaka kukimbia. Mbiu hiyo ndiyo iliyowaokoa wengi usiku wa mashambulizi.

Shida huanza hatari ikishapita na mbiu ikakataa kunyamaza. Bati likianguka sokoni, mtu anajikuta amejitupa chini ya meza. Akinusa nyasi zinazoungua shambani, anauona tena moto ule, na kwake unawaka sasa hivi. Usiku anaogopa kulala kwa sababu ya jinamizi. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga maisha, wataalamu huziita ugonjwa wa kiwewe. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika mwongozo wao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Sonona ni ugonjwa mwingine. Huzuni haiondoki, mwili unachoka bila kazi, na hata mtoto akicheka mama yake haoni raha. Sonona hushambulia nafsi yenyewe, yaani vile mtu anavyojijua na kujithamini. Mfugaji aliyezoea kutoa ng'ombe wa mahari ya mwanawe leo anapanga foleni kuomba unga. Asipopata wa kuzungumza naye, huenda akageukia pombe, na nyumbani wakayalipia machungu yake.

Watu wa namna hii ni wengi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili.

Na wanapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia wanawake 405 wa vijiji vya mashariki mwa Kongo walionusurika ukatili wa kingono. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wasaidizi wa Kikongo waliopewa mafunzo. Kundi moja lilipata msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Jingine lilipata tiba ya mazungumzo: kikao kimoja cha faragha, kisha vikao 11 vya kikundi. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalirahisishwa ili wayashike kwa kichwa. Walijifunza kulikagua wazo kama "kosa lilikuwa langu" na kuliuliza ushahidi wake. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi katika vikundi vya mazungumzo walikuwa asilimia 9. Katika kundi la msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42.

Fizi haina haja ya kungoja hospitali kubwa ijengwe ndipo ianze. Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliru na Wanyindu, wote wamekimbia na wote wamezika. Kila jamii ina walimu, wauguzi na akina mama wa kanisa wanaoweza kufunzwa kazi hii, kila mmoja kwa lugha ya watu wake. Mashirika yanayoleta unga na maturubai yatenge pia fedha za mafunzo hayo.

Nawe msomaji, jirani yako akishtuka kwa mlio wa bati, usimwambie "jikaze" wala usimwite kichaa. Keti naye, msikilize bila kumlazimisha asimulie, kisha msindikize kituo cha afya.