Spika na Sanduku Lake

Je, umewahi kusikia spika iliyotundikwa ukutani bila sanduku? Sauti yake ni nyembamba. Ngoma husikika kama debe. Wengi hudhani redio imechakaa, wakauza mbuzi wanunue nyingine. Kumbe redio ni nzima.

Itazame spika. Katikati ina karatasi ngumu yenye umbo la pia. Redio ikilia, karatasi hiyo huenda mbele na nyuma. Iguse kidogo kwa kidole, utaona inatetemeka. Ikienda mbele, husukuma hewa ya mbele. Wakati huo huo huvuta hewa ya nyuma. Bila sanduku, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo wa spika na kuingia pale ilipovutwa. Sauti nene hufa hapo hapo.

Zima redio. Chukua ubao mpana, toboa tundu la duara linalolingana na ile karatasi, kisha ufunge spika nyuma ya tundu. Washa tena. Utasikia tofauti! Ukitaka vizuri zaidi, mwombe seremala akutengenezee sanduku la mbao nene, na nyufa zote azizibe kwa gundi. Mbao nyembamba hutetemeka na kuharibu sauti.

Wengine huweka spika kwenye mdomo wa mtungi. Besi huvuma kweli. Kwa taarabu au dansi, sina ugomvi nao. Lakini mtungi huvumisha sauti fulani kuliko nyingine, na maneno hayasikiki wazi. Watu wengi wakisikiliza redio moja, kama vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania mwaka 1973, sanduku ndilo lifaalo.