Taka za Soko Nazo Huhitaji Pumzi

Maembe mawili yameanguka chini ya mti mmoja huko Matinyani, Kitui Magharibi. La kwanza limebaki juu ya udongo, linapigwa na jua na upepo, linanyauka na kuoza. La pili limezolewa pamoja na maganda ya ndizi, majani ya sukuma wiki na mifuko iliyochanika, likatupwa jalalani na kufunikwa na taka za wiki iliyofuata. Yote mawili yataoza. Lakini hewa yatakayoitoa si moja.

Palipo na oksijeni, vijidudu hula sukari ya embe na kutoa kabonidioksaidi, maji na joto. Kabonidioksaidi hiyo ni ile ile ambayo mwembe uliivuta kutoka angani ulipokuwa ukizaa, kwa hiyo hesabu inarudi palepale. Oksijeni ikikosekana, kazi hushikwa na vijidudu vya jamii nyingine, visivyopenda hewa, navyo hutoa methani. Katika kipindi cha miaka 20, kilo moja ya methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya kabonidioksaidi. Uzuri ni kwamba haidumu: huvunjika angani baada ya miaka kama 12. Tukiipunguza leo, nafuu yake ataiona mtoto aliye darasani sasa.

Hapa Kenya, methani nyingi hutoka matumboni mwa mifugo, si majalalani. Lakini huwezi kumwambia mfugaji wa Kitui auze mbuzi wake, maana ndio akiba yake mvua inapokosekana. Methani ya jalala haimfaidi mtu yeyote. Kuiondoa hakumnyang'anyi mtu riziki.

Miji mikubwa imetufunza gharama ya kuchelewa. Jalala la Dandora, Nairobi, limepokea taka tangu miaka ya 1970. Nje kidogo ya Kampala, mnamo Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mlima ukishasimama, hakuna awezaye kuyachambua tena maganda kutoka kwenye plastiki. Soko dogo kama la Matinyani bado halijafika huko, na lina bahati ambayo Nairobi haina: shamba liko jirani na kibanda. Anayetupa ganda na anayehitaji mboji ni majirani, mara nyingine ni mtu yule yule.

Na mboji inahitajika kweli. Wakulima wa Ukambani walichimba matuta ya fanya juu ili udongo usichukuliwe na maji. Udongo ulibaki, lakini mwingi umechoka, na udongo usio na mboji haushiki maji. Mvua ikinyesha siku tatu kisha ikakata, ndengu zilizo kwenye udongo wenye mboji hustahimili zaidi.

Katika nchi kavu, rundo lililo juu ya ardhi hukauka kabla ya kuiva. Afadhali mtaro wa kina cha nusu mita, kivulini. Tandika mabua kwanza ili hewa ipite chini. Weka taka mbichi, kisha makavu mara mbili ya hizo mbichi, kisha samadi kidogo ya mbuzi, na unyunyizie maji uliyooshea mboga. Kamua konzi moja kiganjani: ikitoa tone moja au mawili, unyevu umetosha, ikitiririsha, ongeza makavu. Chomeka fimbo hadi katikati, na baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, vijidudu viko kazini. Ikiwa ya baridi na inanuka kama yai viza, hewa imekwisha na methani inaanza kutoka. Pindua mtaro mara moja. Na hata mambo yakiwa mazuri, upindue kila baada ya wiki mbili au tatu. Mtaro uliojazwa msimu wa maembe, Januari na Februari, utakuwa tayari kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo mkulima wa Kitui huzitegemea zaidi.

Maembe yaliyoanguka yana jambo lao. Tangu nzi wa matunda kutoka Asia agunduliwe Kenya mwaka 2003, wakulima wamekuwa wakishauriwa kufukia matunda yaliyoharibika ili funza wasigeuke nzi. Kwa nzi, ushauri huo ni sahihi. Lakini shimo refu lililojaa matunda matupu ni jalala dogo. Yafunike kwanza juani kwa karatasi nyeusi ya nailoni kwa siku kadhaa mpaka funza wafe kwa joto, ndipo yaingie mtaroni kidogo kidogo pamoja na mabua.

Mtambo wa bayogesi nao huikamata methani na kuifanya moto wa kupikia. Hata hivyo, huhitaji samadi ya ng'ombe wawili hivi wanaofugwa zizini, na maji karibu kiasi sawa na samadi hiyo, kila siku. Penye kisima na ng'ombe wa maziwa, ni baraka. Penye maji yanayobebwa na punda kutoka mbali, mtaro wa mboji ndio unaofaa.

Sheria ipo tayari. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapozalishwa, na Katiba imeweka uzoaji wa taka mikononi mwa kaunti. Kwa soko la Matinyani, kuitimiza hakuhitaji mitambo: mapipa mawili, mkokoteni wa punda, na mtaro ulio karibu. Jambo moja tu huua mpango wa namna hii, nalo ni mzoaji kuzimwaga taka zote pamoja. Mwenye kibanda akiliona hilo leo, kesho hatenganishi tena.

Kwa hiyo methani hukatwa sokoni, pale kisu cha mama mboga kinapokata sukuma. Bua likiangukia kwenye ndoo yake, litafika shambani. Likiangukia kwenye mfuko wa takataka, tumelipoteza.